Nashipae Alipohamia Isinya

Mmoja wenu aliniuliza juzi, tukiwa kando ya uwanja hapa Kitengela, kama katika miaka yote niliyofundisha magongo niliwahi kushtuka. Nilicheka kwanza. Mwalimu wa michezo hushtuka kila wiki. Nimefika uwanjani asubuhi ya mechi nikakuta ng'ombe wamelala golini na mwenyewe hajulikani. Nimeona msichana aking'oka jino, akaliokota, akalitia kwenye soksi, akaniomba arudi kucheza. Hayo ni ya kawaida. Lakini kuna mshtuko mmoja ambao hata sasa nikiukumbuka natafuta mahali pa kukaa, na huo ndio nataka kuwasimulia, maanake ndani yake mna yale yote mnayobishania kwenye simu zenu: nani yuko na kipaji, nani acheze wapi, na kwa nini sisi na shule ya Isinya hatuwezi kukutana kwa amani.

Kwanza mjue tulichezea wapi. Nyinyi siku hizi mnapelekwa Nairobi kuchezea nyasi bandia, mpira unateleza kama umepakwa mafuta. Sisi uwanja wetu ulikuwa wa murram, changarawe iliyomwagwa juu ya udongo mweusi. Kabla ya mazoezi wasichana walijipanga mstari kutoka upande mmoja hadi mwingine, wakatembea polepole wakiokota mawe. Wageni walidhani ni adhabu. Haikuwa adhabu. Mpira wa magongo ni mgumu, na ukigonga kokoto haukuulizi unaelekea wapi, unakuja usoni. Kinga za miguu tulikata kwenye jerikeni kuukuu, ndani tukashonea kipande cha blanketi. Stiki ikianza kuteleza mkononi tulizungushia tyubu ya baiskeli. Mvua ikinyesha, tulisubiri. Udongo mweusi wa huku unashika kiatu kama una deni lako, na mchezaji akivuta mguu kwa nguvu anabaki na soksi.

Nilipoanza kazi sikujua lolote kuhusu mchezo huu. Nilikuwa mwalimu wa jiografia, nimetoka Nyeri, nikapewa timu kwa sababu mwenye timu alikuwa amehamishwa na mimi ndiye nilikuwa mgeni katika chumba cha walimu. Aliyenifundisha ni mwamuzi mmoja wa zamani, mama mmoja mnene aliyekuwa akikimbia kuliko wasichana wenyewe, jina lake Mwalimu Adhiambo. Mechi yangu ya kwanza nilikazia mpira macho mpaka mchezaji wa pembeni akanigonga, tukaanguka pamoja. Adhiambo alininyanyua, akanipangusa vumbi mgongoni, akaniambia niache kumwangalia mwenye mpira, nimwangalie asiye nao. Mwenye mpira ataonekana tu. Asiye nao ndiye anakuonyesha kama uko na timu au uko na watu kumi na mmoja waliovaa rangi moja.

Maneno hayo niliyaelewa haraka. Kuyaona kwa macho yangu ilichukua muda, na ndiko ninakoelekea.

Sasa, Isinya. Kutoka kwetu mpaka kwao si mbali, unapita mashamba ya maua na yale mabanda ya kuku, umefika. Ukaribu huo ndio ulileta shida. Wasichana wao na wetu walikuwa wanatoka nyumba zilezile, wanasali kanisa moja, dada huku na dada kule. Mwalimu wao alikuwa Sankale, mwanamume mrefu, mpole, anayesema maneno machache. Kila tulipokutana alinisalimia kwa Kimaasai, "Supa, Mwalimu," nikajibu "Ipa," kisha hatuongei tena mpaka mechi iishe. Ikiisha tunakunywa chai pamoja na kurudia mechi nzima mezani, vikombe ndio mabeki, kijiko ndicho kona fupi. Mwaka mmoja vifaa vyetu vya kipa viliibwa, na bila vifaa huruhusiwi kucheza. Sankale alinipa vya kwao, na wao wenyewe walikuwa wanacheza baada yetu. Tuliwarudishia vimejaa matope. Hakusema kitu. Siku hiyohiyo jioni walitufunga bao moja, na hapo pia hakusema kitu, na hilo lilinikera zaidi.

Huo ndio ushindani ninaoujua mimi. Unataka kumshinda mtu mpaka usingizi unakukataa, na bado unajua chai yake anaweka sukari ngapi.

Nashipae alikuja kwetu kidato cha kwanza. Nyumbani kwao ni upande wa Isinya, mama yake ni msimamizi katika shamba moja la maua, lakini mtoto aliletwa bweni letu Kitengela. Hakuwa ameshika stiki maishani. Siku ya kwanza niliwapanga wageni wote, nikawa navingirisha mpira kwa kila mmoja. Vijana wanaochagua wachezaji sasa wanaangalia mbio. Mimi sikuwahi kuangalia mbio. Mtu yeyote anaweza kukimbizwa mpaka apate mbio. Angalia anavyousimamisha mpira. Wengi wanaupiga kwa hofu, kama nyoka. Nashipae aliinama bila kuambiwa, akashusha stiki chini kabisa, mpira ukafika ukalala. Kisha akaniangalia kama anauliza ni hayo tu.

Kufikia mwaka wa pili alikuwa mshambuliaji ambaye walimu wa shule nyingine walikuja kumtazama mazoezini wakijifanya wanapita tu. Katika mchezo huu bao halihesabiwi kama hukupiga ukiwa ndani ya lile duara mbele ya goli, kwa hivyo mabeki wote hujazana pale. Nashipae alipita kati yao kama anapita sebuleni kwao. Alikuwa mkimya. Uwanjani humsikii. Alifunga, akageuka, akarudi katikati, na uso wake ni uleule.

Aliyemlisha mipira alikuwa Mumbi. Huyu babake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, na msichana mwenyewe alikuwa mfupi, kifua mbele, mdomo haufungi. Alicheza kiungo. Mchezo wetu ulikuwa rahisi kueleza: mpira ukipatikana, mpe Mumbi; Mumbi, mpe Nashipae; wengine, rudini nyuma. Tulishinda hivyo kila mahali. Magadi tulicheza kwenye joto ambalo hata mwamuzi aliomba maji katikati ya mchezo, na bado tulishinda hivyo.

Kisha tukafika fainali ya kaunti na Isinya, mchezo ukaisha sare, tukaenda penalti. Nashipae alipiga ya mwisho. Mpira uligonga mwamba ukarudi uwanjani. Isinya wakaruka juu. Nilimpiga Nashipae begani, nikamwambia tutarudi mwakani. Aliitikia kwa kichwa. Tulirudi shuleni, likizo ikafika, mwaka ukaisha.

Mwanzo wa mwaka uliofuata nilikuwa napita karibu na bweni nikaona mama mmoja amesimama na sanduku la bati miguuni, na mtu wa bodaboda anafunga godoro kwa kamba. Nilimtambua mamake Nashipae. Nikamsalimia, nikauliza kama mtoto ni mgonjwa.

"Si mgonjwa, Mwalimu," alisema. "Ameomba kuhama. Anaenda Isinya."

Nilisikia maneno lakini hayakuingia. Niliuliza Isinya gani, kama mtu ambaye hajui kuna moja tu. Nikauliza kama ni mambo ya nyumbani, kama anataka kukaa karibu na familia. Mama yule alinieleza kwa heshima kwamba yeye mwenyewe alimuuliza mtoto mara nyingi na hakupata jibu zaidi ya hilo: kwamba anaomba, na kwamba tafadhali asilazimishwe. Wakati huo Nashipae alitoka na ndoo yake, akasimama mbele yangu, akaniaga vizuri. Hakulia. Nilibaki hapo hata baada ya bodaboda kutoka getini, nimeshika kitabu cha jiografia kifuani, mpaka mpishi akaja kuniuliza kama niko sawa.

Kitu cha kwanza nilichofanya nilipopata akili ni kumpigia Sankale. Nilimuuliza tangu lini amekuwa mtu wa kuiba wachezaji. Aliniambia hakumwita, na kwamba amejua asubuhi hiyohiyo kama mimi. Nilimwambia asinisalimie tena, nikakata simu. Mwaka huo ulikuwa wangu wa mwisho kazini. Nilikuwa nimeshachukua vikombe vya eneo na vya mialiko, lakini cha kaunti sikuwa nimekishika hata mara moja, na mtu pekee aliyeweza kunipa alikuwa amefungiwa godoro kwenye pikipiki na kupelekwa kwa huyo Mmaasai mpole.

Mazoezi ya wiki zile yalikuwa msiba. Mpira ukipatikana walimpa Mumbi, Mumbi anainua kichwa kumtafuta Nashipae, hayuko, anasimama. Tulifungwa mechi za kirafiki na shule ambazo zamani tulizipelekea wachezaji wa akiba. Siku moja Mumbi alitupa stiki chini, akakaa kwenye murram, akasema hajui ampe nani. Nilikuwa nimechoka. Nilimwambia ampe yeyote aliye karibu, hata kama ni refa.

Ndivyo ilivyoanza. Alimpa aliye karibu. Huyo akampa mwingine. Mabeki ambao nilikuwa nimewafundisha kukaa nyuma wakaanza kupanda, kwanza kwa woga, baadaye kwa kiburi. Katika mechi moja beki wangu wa kushoto, msichana ambaye miaka yote hakuwa amevuka nusu ya uwanja, alijikuta mbele ya goli na mpira, akafunga, kisha akaniangalia kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi. Mimi mwenyewe sikujua nipige makofi au nimwambie arudi mahali pake. Tulianza kushinda. Hatukushinda kwa mabao mengi, moja, mawili, lakini kila mara mfungaji alikuwa mwingine. Nilisimama kando ya uwanja nikiwaangalia wasio na mpira, nikaona wote wanatembea, wanafungua njia, wanaitana. Miaka yangu yote katika kazi hii sikuwa nimeona kitu kama hicho kwenye timu yangu, na kilikuja mwaka ambao nilikuwa nalala nikihesabu hasara.

Tukafika fainali. Mjini Kajiado, upepo wa kukausha midomo, na upande wa pili Isinya.

Juma zima nilikuwa nimewafundisha wasichana wawili kazi moja tu: kumfuata Nashipae. Akienda kunywa maji, waende. Nilijua mguu gani anaanza nao, nilijua anageukia wapi. Tulifanya mazoezi hayo mpaka wale wawili wakaanza kufuatana hata kwenye foleni ya chakula.

Timu zikaingia, nikatafuta jezi yake mbele. Hayuko. Nikaangalia benchi yao. Wasichana wa akiba walikuwa wamejifunika shuka kwa sababu ya upepo, huoni uso. Nikajiambia Sankale ni mjanja, anamficha mpaka robo ya pili. Nikawaambia wale wawili wakae macho. Wakakaa macho, wakizungukazunguka uwanjani kama watu waliopotewa na mgeni kituoni.

Mchezo ulikuwa mzuri upande wetu. Tuliwabana. Kitu pekee kilichonisumbua ni kipa wao. Sikumjua. Alikuwa na kofia yenye vyuma usoni na zile pedi kubwa za miguuni, na alikuwa anaongea bila kukoma. Aliwaita mabeki wake mmoja mmoja kwa jina, kulia, nyuma yako, mwache huyo, toka naye. Sauti kali, ya kuamrisha. Nilimwambia msaidizi wangu kwamba Isinya wamepata kipa wa kweli, na kwamba sauti kama hiyo kwenye goli ni nusu ya ushindi. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Karibu na mapumziko tukapata kona fupi. Mnajua inavyokwenda: mpira unasukumwa kutoka mstari wa nyuma, mwenzako anausimamisha pale juu ya duara, anapiga, na mabeki wanne wanatoka mbio kutoka golini kumzuia. Mumbi alipiga vizuri sana, chini, pembeni. Kipa alitupa mguu wa kushoto, akaugonga ukatoka nje. Katika kuanguka mkanda wa kofia yake ukakatika. Mwamuzi alisimamisha mchezo. Kipa akapiga goti, akavua kofia ili auangalie ule mkanda.

Benchi yangu ilisimama yote. Msaidizi wangu alinishika mkono. Uwanjani Mumbi alikuwa bado ameinama kwenye stiki yake, hatua chache kutoka golini, hasogei.

Alikuwa Nashipae.

Siwezi kuwaambia nilihisi nini kwa sababu sikuhisi kitu. Nilikuwa nimemsikiliza msichana yule nusu ya mchezo mzima nikisifu sauti yake, na sikuitambua, kwa kuwa katika miaka yote niliyomfundisha sikuwahi kuisikia uwanjani. Mshambuliaji bora niliyewahi kumshika mkononi, msichana wa kufunga mabao, amefungwa pedi na kusimamishwa golini. Ilikuwa kama kuona mtu amechukua trekta yako mpya akaifanya kiti.

Filimbi ya mapumziko ilipolia sikwenda kwa timu yangu. Nilivuka uwanja moja kwa moja mpaka kwa Sankale. Tulikuwa hatujasemezana tangu ile simu. Nilimuuliza ni nani amempeleka msichana golini.

"Amejipeleka," alisema. "Siku aliyofika nilimpa jezi ya mbele. Akanirudishia, akaomba pedi. Mwalimu, wiki nzima nilifikiri ni wewe umemtuma aje kunichezea akili."

Nilimwangalia nikaona hatanii. Alikuwa ameshtuka kama mimi, tofauti ni kwamba yeye alikuwa amepata muda wa kuzoea. Aliniambia alijaribu kumbembeleza, akamwomba mamake asaidie, akamtishia hatamchezesha kabisa. Msichana alikubali kutochezeshwa. Basi akampa pedi, na baada ya siku chache akaacha kubishana.

Nusu ya pili sikufundisha. Nawaambia ukweli, nilisimama tu. Wasichana wangu walicheza wenyewe. Walipasiana mpaka vumbi likawa linawafuata nyuma, na kila walipofika duarani pale mbele ya goli walimkuta Nashipae ameshapanga watu wake. Alikuwa anajua tutafanya nini kabla hatujafanya. Mchezo ukaisha bila bao, kwa mara nyingine tena tukaenda penalti.

Wakapata, tukapata. Wakakosa, tukakosa. Wao wakapata ya mwisho, ikabaki yetu, na tukikosa basi. Mumbi akachukua mpira. Hakuniangalia. Aliuweka chini, akapiga juu, upande wa kulia, mahali ambapo makipa wengi hawafiki. Nashipae alifika. Mpira uligonga glavu ukaenda zake, na Isinya wote wakamkimbilia wakamfunika.

Kikombe cha kaunti, basi, sikukishika mpaka nikastaafu. Ukinikuta mahali nikiambiwa nilikishika, sahihisha.

Lakini siyo hapo nilipotaka kufika. Niligeuka kumtafuta Mumbi, nikijua nitamkuta peke yake amelala kifudifudi, kwa sababu ndivyo inavyokuwa. Sikumwona. Timu yangu yote ilikuwa imekaa chini kwenye duara, wamemzunguka, mabega yamegusana, hata wa akiba. Beki wa kushoto alikuwa anamfungua kinga za miguu taratibu kama mama anamvua mtoto viatu. Baadaye kidogo wakainuka wote pamoja naye, wakampitisha katikati yao kwenda kupeana mikono na Isinya.

Nilimvuta nahodha pembeni, nikamwuliza ni nani amewaambia wafanye vile. Alisema hakuna. Kisha akatazama chini, akanieleza jambo ambalo sikulijua. Mwaka uliotangulia, baada ya Nashipae kukosa ile penalti, bwenini hakuna aliyemsemesha. Hawakumtukana. Walinyamaza tu, wiki kadhaa, mpaka shule ikafungwa. Alikula peke yake na kufua peke yake.

"Tulipoona amehama tulijua ni sisi, Madam," alisema. "Hatungerudia kwa Mumbi."

Nilikuwa bado nimesimama na maneno hayo wakati Nashipae alipokuja, anatembea kwa shida kwa sababu ya zile pedi, kofia kwapani. Uso ulikuwa umejaa vumbi na jasho limechora mistari. Alinipa mkono kwa heshima kama siku ile ya bweni. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia ungenibembeleza, Madam," alisema. "Na ningekubali."

Nikamuuliza kwa nini golini, kwa nini mahali popote uwanjani isipokuwa pale nilipomfundisha. Akasema alipokuwa mbele alikuwa anaona nyavu peke yake, na watu wote walikuwa mgongoni mwake, hajui wanafanya nini wala wanamfikiria vipi. Golini anawaona wote. Anaweza kuongea nao. Kipa akifungwa, alisema, si watu kumi wamepitwa kwanza? Nikamwambia makipa ndio hulaumiwa kuliko wote. Akasema anajua, lakini lawama hiyo anaiona ikija kutoka mbele.

Mumbi alikuwa amefika hapo. Walitazamana. Kisha Mumbi akasema, mimi penalti yangu niliipiga vizuri, na Nashipae akakubali kwamba aliipiga vizuri sana. Wakaanza kucheka kwa namna ambayo mimi sikuona cha kuchekesha, wakashikana shingo, wakaenda kutafuta maji.

Msinielewe vibaya. Mpaka leo naamini msichana yule alizaliwa kufunga mabao, na mtu akiniuliza nitabishana naye hadi jioni. Kocha akikuta mshambuliaji kama huyo asimwachie aende golini kwa urahisi. Nimewaambia wengi wenu, na wengi mmecheka. Chekeni. Kilichonishtua ni kwamba yeye aliujua mchezo vingine kabisa na mimi, na sote wawili tulikuwa tunauangalia uwanja uleule.

Nilikuwa nimekusanya mipira, nataka kuondoka, Sankale akaja. Alinisalimia, "Supa, Mwalimu," kama kwamba sikuwahi kumkataza. Nikaitikia. Alichezea kamba ya filimbi yake, kisha akasema mashindano ya kanda yanakaribia, na kwamba ana kipa sasa, ana mabeki, lakini washambuliaji wake hawajui kupasiana. Alisema hajawahi kuona timu ikipasiana kama yetu ya siku hiyo. Aliomba nije niwafundishe.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilimkumbusha kwamba mimi ni mwalimu wa Kitengela mpaka muhula uishe, na kwamba hata nikistaafu nitakuwa wa Kitengela, na nikifa ndivyo. Alisema anajua yote hayo. Akasema wiki ijayo, saa za mazoezi, na akaenda.

Nilipowaambia wasichana wangu kwenye basi, nilitarajia kelele. Waliniuliza tu nitaenda siku gani. Mwalimu mkuu wetu naye alicheka, akasema kuanzia sasa Isinya wanabeba jina la Kajiado nzima, niende. Nilikuwa peke yangu katika hasira zangu, na hasira za mtu mmoja hazikai muda mrefu.

Nilifika Isinya mapema, nimevaa jezi ya Kitengela makusudi ili wasisahau. Sankale alinipa washambuliaji wake. Nikawasimamisha pale juu ya duara, mimi katikati yao, nikaanza kuwaeleza namna ya kufungua njia bila mpira, nani aende kushoto, nani avute beki, nani asubiri. Nilieleza kwa mikono, nikatembea huku na huku, nikasahau kabisa niko kwa nani. Mpira ukapita karibu na mguu wangu, nikausukuma pembeni, nikaendelea kusema.

Ndipo ikatoka ile sauti golini, kali, ya kuamrisha.

"Madam, unanizuia kuona. Songa kulia."

Wasichana wote walinigeukia. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniamrisha uwanjani tangu nianze kazi. Nilimwangalia. Alikuwa ameinama kidogo, mikono tayari, macho nyuma ya vile vyuma yanasubiri.

Nikasonga kulia.